Mama anakunywa mwarobaini na karela juu ya vidonge vya kisukari: je, ni salama?

Kitindamimba wa Pangani ameuliza:

Ndugu zangu, assalaam aleikum na habari za leo. Nimekuja na jambo ambalo limeigawa familia yetu, nami naomba ushauri wa wenye ujuzi pamoja na wale waliowahi kumuuguza mzazi mwenye hali kama hii.

Mama yetu ana umri wa miaka 64 na anaishi Pangani pamoja na dada yangu mkubwa, ilhali mimi na kaka yangu tunafanya kazi Dar es Salaam. Aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2018, na miaka miwili baadaye akaongezewa dawa ya presha. Kwa sasa anameza metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi asubuhi kabla ya chai, na amlodipini usiku. Hali yake haikuwa mbaya, isipokuwa amekuwa akilalamika kwamba metformini inamvuruga tumbo.

Miezi mitatu iliyopita shoga yake alimshauri achemshe majani ya mwarobaini na kunywa kikombe kizima kila alfajiri, kisha jioni atwange karela mbichi, lile tunda chungu linalopikwa kama mboga, aichuje na kunywa maji yake. Mama alifuata, na lazima nikiri kwamba sukari yake ilishuka: asubuhi ilizoea kusoma 10 au 11 (milimoli kwa lita), sasa ikawa inasoma 6. Alifurahi mno. Hakupunguza vidonge, wala hakumweleza mtu yeyote kliniki, kwa sababu mwaka jana alipotaja kwamba anatumia mlonge, muuguzi mmoja alimfokea mbele ya wagonjwa wenzake hadi akatokwa na machozi. Tangu siku hiyo, akiulizwa kama ana dawa nyingine nyumbani, hujibu kwamba hana.

Alhamisi ya wiki iliyopita alikuwa amefunga saumu ya sunna. Ilipofika saa kumi alasiri, dada alimkuta ameketi ukumbini, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, na anamwita dada kwa jina la marehemu shangazi yetu. Kijana wa jirani mwenye mashine ya kupimia sukari aliitwa, akampima, ikasoma 2.6. Walimnywesha maji ya sukari, na baada ya kama robo saa akili zikamrudia, akauliza kwa nini watu wamejaa nyumbani.

Dada anataka mitishamba yote itupwe. Kaka anasema tukio lile ndilo ushahidi kwamba dawa ya asili ina nguvu, hivyo vinavyopaswa kuachwa ni vidonge. Mama hataki kuacha kimojawapo. Naomba kujua: je, mwarobaini na karela vinaweza kweli kushusha sukari kiasi hicho, au ilikuwa ni saumu tu? Ipo namna salama ya kuvitumia pamoja na vidonge? Na tutalifikishaje jambo hili kwa daktari bila mama kudhalilishwa tena?

Tabibu Mstaafu amejibu:

Pole sana, Kitindamimba, na umpe pole mama. Nimefanya kazi ya utabibu kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ikiwa katika vituo vya afya vya wilayani, na niliposoma habari za jasho na kutaja jina la mtu asiyekuwepo, nilijua utakachosema kabla hujakisema.

Nianze na dawa ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeitilia shaka, yaani glibenklamidi. Kazi yake ni kulilazimisha kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, na hulilazimisha bila kujali kama mgonjwa amekula au hajala. Nguvu yake hudumu siku nzima, na kwa mtu mzima ambaye figo zake zimepunguza kasi hukaa mwilini muda mrefu zaidi ya inavyotarajiwa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi dawa hiyo kwa watu waliovuka miaka 60. Metformini haina tabia hiyo. Ikitumika peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Sasa mfikirie mama siku ile ya Alhamisi: amemeza glibenklamidi, hajala tangu alfajiri, na ndani ya mwili wake kuna mwarobaini na karela, ambavyo vyote viwili vina uwezo wa kushusha sukari. Mambo manne yalivuta kamba upande mmoja, na hakuna mtu mkweli anayeweza kukuambia lipi lilivuta zaidi.

Kwa kaka yako nina jambo moja la kumwomba alitafakari. Ile 6 ya asubuhi ilipatikana mitishamba ikiwa juu ya vidonge. Hajawahi kuona sukari ya mama inasomaje kwa mitishamba pekee, kwa hiyo hoja yake imejengwa juu ya kipimo ambacho hakijafanyika. Mkivikatiza vidonge leo, inawezekana sukari ikapanda kimyakimya, na kisukari kinapopanda hakiumi: kinaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu huku mgonjwa akijiona mzima, mpaka siku atakapokanyaga msumari na asiusikie.

Kwa siku hizi chache kabla hamjafika kliniki, mama asifunge, na mwarobaini na karela visimame kwa muda. Sisemi hivyo kwa kuvidharau. Ndivyo vitu pekee ambavyo mnaweza kuvisimamisha wenyewe nyumbani bila kuharibu mpango wa tiba. Msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mtu aliyefikia 2.6 na kuchanganyikiwa anastahili kuonwa mara moja, na kwa kweli alipaswa kupelekwa kituoni siku ileile hata baada ya kuzinduka, kwa kuwa sukari iliyoshushwa na glibenklamidi inaweza kupanda kwa maji ya sukari na kushuka tena usiku watu wakiwa wamelala. Mkifika, ulizeni kama glibenklamidi inaweza kuondolewa au kubadilishwa, kwa mfano kwa gliklazidi. Ombeni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na ombeni figo zipimwe. Kuhusu tumbo, metformini huvumilika vizuri zaidi ikimezwa katikati ya chakula au mara baada ya kula, na ipo pia aina inayoyeyuka polepole.

Dada afahamu hatua za dharura kwa moyo. Sukari ikisoma chini ya 4, au mama akianza kutoka jasho la baridi na kutetemeka, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini arudiwe. Ikipanda, ale chakula cha kushiba. Akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Niongeze jambo dogo ambalo watu hulisahau: si mitishamba peke yake inayogombana na vidonge vya kisukari. Sindano ya kwinini anayochomwa mgonjwa wa malaria nayo hushusha sukari, na kotrimoksazoli, ambayo watu hununua dukani kwa kila kikohozi, huongeza nguvu ya glibenklamidi. Swali la kliniki kuhusu dawa nyingine linahusu vyote hivyo. Yule muuguzi aliyemfokea mama alikosea kikazi, wala sioni haya kulisema hilo mimi niliye wa fani hiyo. Dada afuatane na mama, aombe wazungumze na tabibu ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa, na waende na mfuko mmoja wenye vidonge vyote pamoja na majani yenyewe.

Mjukuu wa Mganga, Lushoto, amejibu:

Namshukuru Tabibu kwa maelezo yake. Mimi nataka kusema kutoka upande wa pili, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa mganga wa miti shamba huku Usambara, na nilimbebea kapu lake tangu nikiwa na miaka saba.

Watu wanapotaja dawa za wazee wetu, mara nyingi hutaja jani na kusahau masharti yake. Babu hakumpa mtu dawa kabla ya kumuuliza amekula nini, amelala vipi, ana mimba au hana, na amekunywa dawa gani kwa mwingine. Magome aliyachuna upande wa mawio na upande wa machweo tu, akaacha pande nyingine mbili. Alikuwa na maelezo yake ya kimila kuhusu hilo, lakini nilipokuwa mkubwa nilitambua kwamba kwa namna hiyo mti haukufa. Dawa chungu alizipima kwa kikombe cha kahawa, na zilikuwa na mwisho: siku tatu, au siku saba, kisha mgonjwa anarudi atazamwe. Sikumbuki hata siku moja akimwambia mtu anywe kitu kichungu kila alfajiri kwa miezi mitatu mfululizo. Hayo ni matumizi mapya yanayosambaa kwa ujumbe wa simu, halafu yanaitwa mila.

Tena mwarobaini wenyewe ni mgeni aliyezoeleka. Asili yake ni Bara Hindi, na jina tulilompa linatokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Wazee niliowaona waliutumia kwa homa, kwa minyoo, kwa upele, na vijiti vyake kwa kusafishia meno. Kisukari walikijua kwa dalili zake, hasa mkojo unaokusanya sisimizi, lakini hawakuwa na mashine ya kuwaonyesha 6 wala 2.6, kwa hiyo hakuna aliyeweza kurithi kipimo sahihi cha jani hilo kwa ajili ya sukari. Anayesema kipimo hicho ni cha mababu anawasingizia.

Jambo jingine ni kwamba shoga wa mama si mganga. Nchini kwetu ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na kazi zao. Mtu aliyesajiliwa anaweza kuulizwa na kuwajibishwa, jirani hawezi. Muhimbili nao wana Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974 na kuwa taasisi mwaka 1991. Na ninyi wa Pangani msidhani kwamba daktari na mganga hawajawahi kukaa mkeka mmoja: tangu miaka ya 1990 mkoani Tanga kikundi kiitwacho Tanga AIDS Working Group, kwa kifupi TAWG, kiliwaunganisha waganga na madaktari katika kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, na waganga wa Pangani walishiriki katika kazi hiyo.

Mpenda Asili amejibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa makini, na ninaona kwamba mnaelekea kulekule: jani lishtakiwe, kidonge kitetewe. Kwanza, kwinini inatokana na magome ya mti, na Wajerumani waliupanda mti huo hapo Amani, Usambara hiyohiyo. Pili, dawa mseto ya malaria tunayoimeza leo ina artemisinini, ambayo inatokana na mmea. Kama mmea unaweza kutibu malaria, kwa nini ushindwe na sukari? Baba yangu amekunywa mwarobaini kwa miaka mingi na anapanda baiskeli hadi leo.

Mnasema mitishamba haijapimwa. Basi ipimeni! Hakuna atakayetajirika kwa jani lililo uani kwa kila mtu, ndiyo maana halipimwi. Na hao wanaosema vidonge ni salama wamekiri wenyewe kwamba glibenklamidi haimfai mtu wa umri wa mama, ilhali amekuwa akiimeza kwa miaka. Kaka wa muuliza swali ana hoja, asibezwe.

Mfamasia wa Zamu amejibu:

Ndugu Mpenda Asili, nusu ya maneno yako nayakubali, na hiyo ya glibenklamidi naikubali yote. Lakini historia uliyoianza inafaa kumaliziwa, kwa sababu mwisho wake ndio wenye jibu la Kitindamimba.

Metformini anayoimeza mama nayo ina ukoo wa mmea. Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis, ambao kwa karne nyingi watu waliutumia kwa mgonjwa anayekojoa kupita kiasi. Ndani yake kuna kemikali ya jamii ya guanidini inayoshusha sukari, lakini pia ni sumu, na kondoo wanaoula kwa wingi hufa. Wanakemia wakatafuta kemikali ya jamii hiyohiyo iliyo salama zaidi. Metformini ilitengenezwa mwaka 1922, na mwaka 1957 ndipo daktari wa Ufaransa Jean Sterne alipochapisha taarifa za kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Kati ya jani na kidonge palikuwa na miaka mingi ya kupima kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinaua. Kwinini vilevile: magome yalitumika muda mrefu, lakini tangu Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini yenyewe mwaka 1820, iliwezekana kumpa mgonjwa kiasi kinachojulikana.

Habari ya artemisinini ndiyo inayonivutia zaidi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alisoma katika maandishi ya kale ya tiba ya Kichina kwamba mmea ule ulowekwe katika maji na kukamuliwa, na hapo ndipo alipowaza kwamba huenda moto wa kuchemshia ulikuwa ukiiharibu dawa. Akatumia njia ya joto la chini, na akafanikiwa. Tazama basi: jani lilelile likichemshwa ni kitu kimoja, likikamuliwa bila moto ni kitu kingine. Leo Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya mmea huo kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hubadilika kutoka jani hadi jani na huenda kisitoshe kuwaua vimelea, na vimelea wakishambuliwa nusunusu hujifunza kuhimili dawa.

Sasa karela. Si kweli kwamba haijapimwa. Jaribio moja lililofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2011 lililinganisha karela kavu na metformini ya miligramu 1,000 kwa siku. Karela ya gramu 2 kwa siku ilishusha sukari kidogo, chini ya ilivyoshusha metformini. Majaribio mengine yametoa majibu yanayopingana, na wataalamu walioyakusanya pamoja hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kuwa tiba. Kwa hiyo karela si uongo, ila nguvu yake ni ndogo na haitabiriki. Karela iliyokaangwa kwa vitunguu na kuliwa na wali ni chakula kama chakula kingine, na sijawahi kusikia imemwangusha mtu. Maji ya karela mbichi kadhaa yaliyokamuliwa na kunywewa na mtu aliye na glibenklamidi mwilini ni jambo jingine. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si adimu katika pwani yetu, wanaonywa wasiitumie kwa sababu inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na wajawazito nao waiepuke.

Kama nyumbani kwa mama kuna wajukuu, tafadhali hakikisheni kwamba hakuna anayewanywesha mafuta ya mbegu za mwarobaini. Watoto wadogo waliopewa mafuta hayo India na Malaysia walipatwa na degedege na kuharibika ini, na baadhi yao walifariki. Majani na mafuta si kitu kimoja, lakini chupa zinapokaa rafu moja watu huchanganya.

Vilevile mama asije akahama kutoka kwenye majani anayoyachuma mwenyewe akaenda kwenye unga usio na lebo unaotangazwa kuwa "dawa asilia ya kisukari." Nchini China, ikiwamo Hong Kong, unga na vidonge vya namna hiyo vilipopimwa vilikutwa vimetiwa glibenklamidi kwa siri, na watu walipoteza maisha. Mnunuzi anadhani amekimbia kidonge, kumbe amekinunua kwa bei kubwa zaidi na bila kujua kiasi chake.

Kuhusu gharama, ndugu Mpenda Asili, sitabishana nawe. Metformini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu, lakini vijiti vya kupimia sukari si nafuu, na nyumba nyingi zina dawa bila kuwa na kipimo. Katika simulizi hii yote, kilichomwokoa mama ni mashine ya kijana wa jirani.

Bi Somoe wa Unguja amejibu:

Mwanangu Kitindamimba, wamesema wataalamu, nami nina dogo la kuongeza kama mke aliyemuuguza mume mwenye sukari kwa miaka kumi na mbili.

Sisi nyumbani tulitumia uwatu. Niliuroweka usiku kijiko kimoja cha chai, asubuhi akaunywa na maji yake. Nilimweleza daktari tangu siku ya kwanza, na bahati yetu tulimpata mtu msikivu. Alisema hapingi, ila alitupa masharti: kiasi kisibadilike, uwatu na vidonge viachiane saa mbili kwa sababu ule utelezi wake unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini, na kila asubuhi tuandike sukari katika daftari. Baada ya mwezi alilitazama daftari, akapunguza kidonge kimoja. Akaniambia, "Bibi, kama ungenificha, ningeongeza." Neno lile sijalisahau.

Kwa habari ya saumu, kila mwaka kabla ya Ramadhani tulikwenda kliniki mapema ili saa za dawa zihamishiwe kwenye futari na daku. Miaka miwili ya mwisho daktari alimkataza kabisa, na mume wangu aliona uzito mkubwa, mpaka sheikh wetu alipomkumbusha kwamba mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Kurani, na asiyetarajia kupona hulisha maskini. Kama faradhi ina ruhusa, sunna ya Jumatatu na Alhamisi haina haja ya kumtoa mama roho.

Na mkitaka mama akubali, msimpelekee amri kutoka Dar es Salaam. Mtu mzima haamrishwi na kitindamimba wake kwa simu. Mfuateni yule shoga. Yeye ndiye aliyeaminiwa, basi naye afuatane nao kliniki, ayasikie kwa masikio yake. Mkimtukana shoga, mama atakunywa mwarobaini wake kwa jirani na ninyi hamtajua.

Kitindamimba wa Pangani amerejea:

Shukrani kwenu nyote, na radhi kwa kukaa kimya siku kumi na mbili. Nilikwenda Pangani mwenyewe, na nilifuata ushauri wa Bi Somoe kabla ya ushauri mwingine wowote.

Tulikwenda kliniki watu wanne: mama, dada, mimi na shoga wa mama, tukiwa na mfuko wa vidonge, majani na karela mbili. Tulimpata tabibu kijana, akafunga mlango, akatandaza vitu vyote mezani na kumuuliza mama kila kimoja anakinywaje na saa ngapi. Mama alieleza yote bila kuficha. Nadhani alishangaa kuulizwa kwa upole. Glibenklamidi imeondolewa. Metformini sasa anaimeza katikati ya chakula na tumbo limetulia. Figo zimepimwa na zimeonekana kufanya kazi vizuri kwa umri wake, na kile kipimo cha wastani kilisoma asilimia 7.4, ambacho tabibu alisema si kibaya, ila alituonya kwamba huenda kimeshushwa na nyakati ambazo sukari ilianguka bila sisi kujua. Mwarobaini umesimama kwa mwezi mzima ili ijulikane vidonge pekee vinafanya nini. Karela ameruhusiwa kama mboga. Asubuhi hizi anasoma kati ya 7 na 8, kaka ameagiza mashine na vijiti kutoka Dar es Salaam, na dada anaandika katika daftari.

Lililotushangaza lilikuja mwishoni. Tabibu alimgeukia shoga wa mama, akamuuliza yeye mwenyewe sukari yake husoma ngapi. Akajibu kwamba hajawahi kupima maishani mwake. Mwarobaini anaunywa kwa kinga tu, mwaka wa pili sasa. Alipimwa palepale ikasoma 13.4, akaambiwa arudi kesho yake bila kula, ikasoma 9.1. Amepewa kadi yenye tarehe moja na ya mama, na jana dada ameniambia kwamba wote wawili wamekwisha kukubaliana na bodaboda atakayewapeleka.